Mbio, Kifua na Meno

Basini, mama mmoja alikuwa akimsifia mwanawe, askari mpya, kwa fundi cherehani aliyeketi naye.

"Walimpima mbio, kifua na meno. Kapita vyote!"

"Na hasira je, dada? Mimi mwanafunzi wangu wa ushonaji simwachii mkasi peke yake mwaka mzima. Huyo keshapewa bunduki, nani anamwangalia?"

"Mwanangu aangaliwe? Mtu mzima yule!"

Nikatega sikio bila aibu.

"Pikipiki ya baba yake mnampa?" fundi akauliza.

"Thubutu! Juzi kagonga ukuta, kashuka kuupiga mateke ukuta!"

Basi likasimama. Kituoni alisimama askari mgeni kwetu sote, sare bado ina mikunjo ya boksi. Tukashuka, tukampita kwa mbali, mama akiwa wa kwanza kumkwepa.