Vikaratasi Vitatu Ndani ya Biblia

Bwana asifiwe, nyie watu wa Mungu wa hapa Shanwe! Asifiwe tena! Mimi ni Deo, mdogo wake Leokadia, yule fundi cherehani wa Majengo aliyeishonea sare kwaya yetu. Nimesimama kushuhudia, lakini sina furaha kubwa. Mnivumilie.

Ndugu zangu, dada ndiye aliyenitoa kijijini Kasansa akanilea. Mwaka juzi daktari alimwambia ana presha ya macho, imeshaharibu sana, na kuona kwake kutaisha kabisa. Hakulia mbele yangu. Aliniomba jambo moja tu. "Deo, wewe si unajifunza kompyuta? Nitengenezee tovuti ya magauni yangu, wateja waagize humo humo. Nataka niyaone yote pamoja kabla giza halijaingia."

Nikasema sawa. Kupanga picha na maandishi nilikuwa najua, ila kupokea oda kulihitaji lugha ya programu, na lugha ziko nyingi. PHP? Python? JavaScript? Nikaogopa kukosea. Nikafunga siku tatu, nikaandika majina kwenye vikaratasi vitatu, nikavitia ndani ya Biblia, nikafumba macho, nikachomoa. PHP! Nikaimba haleluya.

Wiki mbili hazikuisha. Mtu kwenye kundi letu la WhatsApp la wanaojifunza kompyuta akaandika, "PHP imekufa, msipoteze muda." Nikafunga tena, nikachomoa Python. Nikaianza, nikasikia sifa za JavaScript, nikarudi kwenye Biblia. Ndugu zangu, nilichomoa mara saba! Kila lugha nilijua kusalimia tu, kuongea sijui. Dada akawa anauliza, "Bado?" Baadaye akaacha kuuliza. Siku moja nikamkuta anatunga uzi kwa kupapasa, anajichoma sindano, ananyonya kidole, anajaribu tena. Niliumia sana, halafu nikaenda kufunga tena. Ule ulikuwa upumbavu, na mimi niliuita imani.

Mama mchungaji ndiye aliyenikamata, alinikuta nimevishika tena vile vikaratasi. Aliniuliza Mungu amenijibu mara ngapi. Nikasema saba.

"Basi jibu unalo, mwanangu. Kazi ndiyo unayoiogopa."

Nililia palepale, mtu mzima mimi! Kitu kilinitoka, jamani! Nikavichana vile vikaratasi, nikarudi kwenye PHP ya kwanza, sikuuliza mtu. Mwezi na nusu, tovuti ikafunguka. Na hiyo lugha iliyosemwa imekufa inapokea oda mpaka leo.

Nikampelekea dada simu. Akaishika, akaigeuzageuza kuelekea dirishani, kisha akanirudishia. "Nisomee," akasema. Nilikuwa nimechelewa. Nikamweleza gauni moja moja, rangi na mshono, mpaka sauti ikanikauka.

Namshukuru Mungu, amenifungua. Macho ya dada hayajarudi, sitawadanganya. Lakini wewe unayeomba ishara ya pili na ya kwanza hujaitii, mtumaini yeye aliyekwisha kukujibu, uanze leo, maana kuna mtu anakusubiri na muda wake unakwisha. Dada yuko pale benchi la mbele. Ibada ikiisha msimpe pole, zimemchosha. Fungueni simu zenu, mkae naye, mmwambie mnaona gauni gani.