Bwana Efraimu Tweve, Aliyeipanga Mirihi Kutoka Njombe

Mkurugenzi Romanus, aibu yako kwanza. Mzee anaondoka Jumatano, tarehe 30 Juni 2004, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, na wewe unaulizia keki. Keki itafungua kabati?

Wasomaji wa jarida la kituo chetu cha ramani, nimepewa mimi Bibi Dorika wa jikoni kuandika habari za Bwana Efraimu Tweve, kwa sababu wenye vyeti wote wamesema wana kazi nyingi. Niliishia darasa la nne, lakini chai yake nimeimimina tangu siku ya kwanza.

Alitoka Ipelele mwaka 1973 na rula, penseli na koti moja, akaajiriwa kuchora ramani za viwanja vya Njombe. Ilipokuja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa na serikali ikapunguza watumishi, wachoraji wenzake saba wakapunguzwa. Yeye akabaki, nadhani kwa sababu walimsahau chumba cha nyuma. Kituo kikapewa shirika, shirika likaleta kompyuta, na kompyuta ikakaa miezi minane imefunikwa kitambaa cha kufuma kama runinga ya bibi harusi. Efraimu ndiye aliyekivua kitambaa.

Mwaka 2002 wageni wa chuo kimoja cha nje walileta picha za sayari ya Mirihi na programu ya kuziweka kwenye mtandao, ili wanafunzi popote walipo wazitazame na kupendekeza mahali ambapo chombo cha utafiti kinaweza kutua bila kuvunjika. Programu yenyewe ni huria. Maana yake ni ya bure, unaruhusiwa kuifungua, kuisoma, kuirekebisha na kumgawia jirani. Efraimu alipomaliza kuiingiza kwenye kompyuta, Mkurugenzi, kusikia ni mali ya kila mtu, akaifungia sidii iliyobeba programu hiyo kabatini kwa kufuli mbili.

Picha zilikuja vipande elfu nne, kila kimoja na namba ya safu yake. Efraimu akavipanga wiki sita. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi akapiga makofi, na sisi tukapiga, kwaya ikaimba.

Wiki iliyofuata akaenda Makambako kujaribu kama ramani inafunguka kutoka mbali, dukani kwa Halfan, muuza vipuri mwenye kompyuta mbili za mtandao. Madereva wakajazana. Ramani ikafunguka. Dereva mmoja akainama, akasema, "Mzee, huu mlima wako umepata ajali. Kichwa kiko mtaroni." Kweli, kilele kilikuwa chini ya miguu yake. Efraimu alikuwa amehesabu safu kuanzia chini, kama alivyohesabu viwanja kuanzia barabarani maisha yake yote, kumbe programu inahesabu kuanzia juu. Wasomi wote wale wa uzinduzi, hakuna aliyeona. Halfan naye akauliza kama huko viwanja vimeshapimwa.

Kurekebisha kulihitaji kuiingiza programu upya kutoka kwenye ile sidii. Mkurugenzi yuko semina, funguo ziko mfukoni mwake. Tukakaa siku kumi na tisa na Mirihi miguu juu. Aliporudi, Efraimu akapanga upya, kisha bila kumuuliza mtu akainakili sidii, jambo ambalo programu yenyewe imeruhusu. Nakala akanipa mimi.

Leo ramani hiyo inafunguliwa hata na watoto wa nchi nisizoweza kuzitamka. Lakini umeme ukikatika, anayejua kuiwasha tena mashine inayoitunza ni mtu mmoja. Funguo za kabati nazo zimepotea tangu Pasaka. Amon na Noela, vijana wa kompyuta, kila siku wimbo wenu ni "Mzee yupo." Haya, Jumatano hayupo. Juzi alikaa jikoni akikoroga chai ambayo sukari imeshayeyuka zamani, akaniambia, "Dada, naogopa umeme wa Alhamisi."

Bwana Efraimu, asante kwa subira yako na sisi. Nenda Ipelele na afya njema, ule viazi vya moto, ujifunike blanketi zito, na ukipata nguvu uichore barabara ya kwenu, maana Mirihi imeitangulia kupata ramani.

Amon na Noela, Jumatatu saa mbili asubuhi muwe chumba cha nyuma na madaftari. Mzee ataizima mashine, ninyi mtaiwasha. Mkishindwa ataizima tena, mpaka muweze bila yeye kunyanyuka kitini. Sidii iko ndani ya kopo la majani ya chai, rafu ya chini. Kabati langu halina kufuli. Ichukueni, inakilini, irudisheni, na kopo mlifunike vizuri, majani yasipate unyevu.