Mabati Niliyomwahidi Mama

Mwakeye, habari za asubuhi, mama zangu na dada zangu wa kikundi. Nikianza kulia mnivumilie, nitamaliza.

Mwaka 2013 nilikuwa mpimaji kwenye ghala la chakula la shirika moja kule Kibondo. Nikapandishwa cheo, nikawa msimamizi wa wapimaji. Mshahara mpya haujafika hata, mimi huyo kijijini Kitanga kwa mama, namtangazia mbele ya majirani kwamba nyumba yake ya nyasi naiezeka mabati kabla ya mvua. Mama akachinja jogoo. Mdomo wangu uliniponza hapo, ndugu zangu.

Mwisho wa mwezi msimamizi ndiye anayeshika karatasi ya malipo, kila mtu anasaini mbele yake. Ndipo nikaona. Wanaume niliokuwa nawasimamia, hata yule niliyemfundisha mwenyewe kutumia mizani, walikuwa wananizidi mshahara. Wangu ulikuwa uleule wa zamani. Nilipomwuliza bosi, akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, wale wana familia. Wewe umepewa cheo, shukuru."

Nawaambia ukweli, sikudai. Niliona aibu, na niliogopa kufukuzwa. Kitanga sikwenda tena, maana ningemwambia nini mama? Mvua ikanyesha ikapita, ikaja nyingine. Mama ananitumia maharage kwa basi, mimi namrudishia salamu tu, kwamba kazi zimenibana.

Mwaka uliofuata nikapigiwa simu niende kumzika.

Baada ya mazishi mama mdogo alinikalisha ndani. Nyasi zilikuwa zimeoza, maji yamechora ukuta mzima. Akasema, "Mama yako hakuuliza mabati hata siku moja. Watu wakisema umemtupa, anawajibu mwanangu ni mkubwa sasa, hana nafasi. Halafu anakwenda barabarani kungoja basi."

Nililia mpaka sauti ikakauka. Nikamweleza yote, mara ya kwanza kumwambia mtu. Akaniuliza, "Sasa hiyo aibu ilikuwa yako, au ya hao wanaokulipa?"

Nilirudi Kibondo na swali hilo. Kwenye kikao cha wafanyakazi nikasimama, nikasema. Bosi akaanza tena habari za familia. Yule baba niliyemfundisha mizani akanyanyuka. "Huyu ndiye aliyenifundisha kazi hii," akasema. "Kila nikisaini mbele yake nashindwa kumtazama." Wenzake wakamuunga mkono. Baada ya miezi kadhaa mshahara wangu ukalinganishwa na wao. Malipo ya nyuma hawakunipa.

Nikanunua mabati. Nyumba ya Kitanga inang'aa, na ndani hakai mtu.

Namshukuru mama mdogo, na yule baba wa mizani, na ninyi mlioniacha nikae nanyi hapa wiki nyingi bila kusema neno. Ninachowaachia ni hiki: ukipunjwa kazini, sema mapema, na mama yako usimfiche. Mwenye mama Kitanga, Gwarama, popote, apande basi wiki hii, hata mikono mitupu. Mimi ningekwenda.