Kichekesho Kilichopotea Njia Kikaingia Matangani

Mheshimiwa Meya Rennie. Mchungaji Drysdale, uliyeyaacha mahubiri ya kesho yakiwa nusu ili uwe pamoja nasi. Ndugu wajumbe wa kamati ya Ukumbi wa Wachimbaji. Wachekeshaji mliofika kutoka Dundee na Glasgow. Wageni wetu wote. Na wewe, Bi. Netta Carmichael, ambaye tumekusanyika kukuaga: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu kwa jina lake, ambalo huenda nilimfundisha mimi kuliandika.

Nimeombwa niseme machache. Bi. Netta mwenyewe aliniambia jana tulipokuwa tukipanga viti hivi, "Mwalimu Duthie, ukinisifu sana nitaondoka kabla ya keki." Kwa hiyo sitamsifu. Nitaeleza jambo moja tu alilolifanya, au, kwa usahihi zaidi, jambo moja alilokataa kulifanya, ambalo kwalo kamati hii nusura imfukuze kazi.

Kila Ijumaa, kwa miaka mingi, Bi. Netta ameongoza vichekesho vya jukwaani katika chumba cha chini cha jengo hili. Ameona kila namna ya mchekeshaji kuharibikiwa. Namna za kawaida nani asiyezijua? Mtu husahau maneno yake, mtu huzomewa, mtu hucheka peke yake. Lakini yeye ameziona na zile ambazo hakuna awezaye kujiandaa kwazo. Alimwona bwana mmoja aliyemtania vikali mtu wa safu ya mbele juu ya meno yake, kumbe mtu huyo ndiye daktari mpya wa meno wa mji, na mtaniaji ana miadi naye Jumatatu. Alimwona bibi mmoja aliyeiga king'ora cha moto kwa ustadi mkubwa hata watazamaji wote wakainuka, wakatoka kwa utaratibu mzuri, wakasimama mvuani kuwasubiri zimamoto, naye akabaki na kipaza sauti chake na viti vitupu. Je, huyo alishindwa, au alifaulu kupita kiasi? Mimi swali hilo bado sijalijibu.

Sasa nifike kwenye lile lililonihusu.

Kaka yangu Wattie alifariki miaka tisa iliyopita, mwezi wa Februari. Tulimzika Ijumaa, na alasiri ile tukakusanyika katika chumba cha juu cha ukumbi huu kwa chai na pai za nyama, kama ilivyo desturi yetu. Mahubiri ya kanisani yalikuwa yametolewa na mtangulizi wako, Mchungaji Drysdale. Yalikuwa mahubiri sahihi. Hayakuwa na kosa hata moja la sarufi, na yangemfaa marehemu yeyote wa Uskoti yote aliyewahi kuwa mwanamume.

Familia iliweka kipaza sauti karibu na dirisha, kwa yeyote ambaye angependa kusema neno juu ya Wattie. Nanyi mnatujua. Hapa Fife, nani hupenda? Tulikikodolea macho kipaza sauti kile kama watu wanaomtazama mbwa wa jirani, kila mmoja akiomba asijiwe yeye. Shemeji yangu Effie, mjane, alikaa kando yangu akiwa hatazami chochote. Alikuwa ameishi na Wattie tangu ujana wao, wasijaliwe mtoto, na hii ndiyo siku pekee ya kuagana naye ambayo angewahi kuwa nayo. Nikajiambia: Siku hii isiharibiwe na mtu.

Saa hiyo hiyo, chumba cha chini, Bi. Netta alikuwa na onyesho la wanaoanza. Miongoni mwao alikuwamo Struan Laidlaw, dereva wa gari la mikate kutoka Kirkcaldy, ambaye alikuwa hajawahi kusimama mbele ya watu. Bi. Netta alikuwa amempa maagizo kwa simu, nami nilimlazimisha baadaye anirudilie neno kwa neno.

"Ukifika panda moja kwa moja, uanze," alimwambia. "Usingoje kutambulishwa, mimi nitakuwa baa. Watakukazia macho kama waliofiwa. Ndivyo walivyo watu wa huku, usijali. Usiombe radhi, usikimbie. Wewe endelea mpaka uone taa nyekundu."

Taa nyekundu, kwa wasiojua, ni tochi ambayo Bi. Netta huimulika akiwa mlangoni kumwambia mchekeshaji kwamba muda wake umekwisha. Akiiona, hana budi kushuka.

Wapendwa, angalieni kitenzi "panda" kilichoachwa bila mahali pake. Panda nini? Bi. Netta alikusudia jukwaa. Struan aliingia kwa mlango wa mbele, akaona ngazi, akapanda ngazi. Juu akakuta chumba kimejaa watu, wanaume wamevaa tai nyeusi, nyuso kama mawe ya ukuta, na mbele yao kipaza sauti kisicho na mtu. Naye aliambiwaje? Kwamba watamkazia macho kama waliofiwa. Katika nchi gani nyingine duniani kijana angeingia matangani asitambue tofauti?

"Hamjambo," akasema.

Hakuna aliyejibu.

"Naam," akasema, "ndivyo nilivyoambiwa." Kisha akavuta pumzi. "Nataka kuwaeleza habari za mzee."

Hapo pana kosa la pili la sarufi. Mzee wa nani? Kama angesema "mzee wangu," yaani baba yake, tungemtambua mgeni papo hapo. Lakini nomino ilitoka bila kimilikishi, ikazunguka chumbani ikitafuta mwenyewe, na chumbani alikuwamo mzee mmoja tu wa kuzungumziwa.

"Mzee aliamini kwamba kuwasha hita kabla ya Novemba ni mwanzo wa upotovu," alisema Struan. "Unamwambia, mzee, nasikia baridi. Anakwambia, vaa sweta. Nimevaa. Vaa la pili. Ninayo mawili! Basi panda ushuke ngazi."

Bibi mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Ndiye huyo! Ndiye Wattie mtupu!"

"Mfuko mmoja wa chai, watu watatu," aliendelea. "Na akija mgeni, wa nne anaonyeshwa tu ule mfuko."

Wakacheka. Kwanza kwa pua, jinsi tunavyocheka sisi, kisha kwa mabega. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikijiuliza, kijana huyu ni nani, na ametumwa na nani? Akasema kwamba mzee alipoteremka mlima kwa gari alizima injini kuokoa mafuta, akawaambia abiria wake waliokuwa wakipiga mayowe wanyamaze, wafurahie mandhari. Nikainuka nimtoe.

Effie akanishika mkono wa koti. "Kaa chini, Sandy," aliniambia bila kunigeukia.

"Humjui mtu huyu, shemeji."

"Nimesema kaa."

Nikakaa. Nilipotazama mlangoni nikamwona Bi. Netta, aliyekuja mbio kumtafuta mchekeshaji wake, amesimama na tochi mkononi. Alielewa yote kwa mtazamo mmoja. Nilimfanyia ishara ya mkono, ishara ambayo hata mtoto angeielewa: mzime! Aliniona. Akamtazama Effie kwa muda. Kisha akaitia tochi mfukoni mwa aproni.

Basi nini humpata mtu asiye na uzoefu, aliyeandaa maneno ya dakika tano, aliyeambiwa aendelee mpaka aone taa, na taa haionekani? Maneno ya Struan yalimwishia. Tulimwona yakimwishia. Alitazama mlangoni, akatazama dari, akaanza kusema asiyoyaandaa.

"Mzee hakuwahi kuniambia neno tamu," alisema polepole. "Hata moja. Lakini kila nilipokuja kumtembelea, nikishavua viatu, alivichukua kimya kimya akaenda navyo jikoni, akavijaza maji kuona kama vinavuja." Akatazama viatu vyake. "Vingine vilikuwa vinavuja. Vingine yeye ndiye aliyevilowesha tu. Nilirudi nyumbani na soksi chepechepe miaka yote ile."

Alikuwa ametumaini tucheke. Wengine walicheka. Wengine walitoa leso, na nilimwona mchimbaji mstaafu mwenye mikono kama majembe akijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Hapo ndipo Struan alipoiona picha ya Wattie juu ya kabati, yenye utepe mweusi. Rangi ikamtoka usoni.

"Samahanini," alisema kwenye kipaza sauti. "Hapa ni wapi?"

"Ni matangani, kijana," mtu akamjibu kutoka nyuma. "Wewe maliza tu."

Ndugu zangu, sijapata kusikia kicheko kama kile katika jengo hili, juu wala chini. Vikombe vilitikisika.

Alipokiacha kipaza sauti, alimwendea Effie. "Mama, nisamehe. Sikumjua mumeo. Nilikuwa namsema baba yangu mimi."

"Najua, mwanangu," alisema Effie. "Wattie hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Alikuwa mtu wa basi." Kisha akamuuliza, "Baba yako yu hai?"

"Yu hai."

"Ameshakusikia ukiyasema hayo?"

Struan akatikisa kichwa.

"Basi unangoja apate utepe mweusi?"

Jambo lingeishia hapo, lakini halikuishia. Binamu yetu Hector, aliyekuwa ametoka Perth, alilalamika kwa kamati. Alisema matanga ya familia yamegeuzwa mzaha, na katika hilo hakukosea sana. Zaidi alisema kwamba kosa la kijana linasameheka, kwa kuwa hakujua. Lisilosameheka ni la mwanamke aliyejua, aliyekuwa na tochi mkononi, asiimulike. Alitaka Bi. Netta aondolewe na vichekesho vya Ijumaa vifungwe. Wajumbe wawili walikubaliana naye. Wawili walikataa. Kura ya mwisho ilikuwa ya mwenyekiti, na mwenyekiti ni mimi.

Mnanijua. Maisha yangu yote nimefundisha kwamba kosa husahihishwa pale linapoonekana, wala halingojewi. Niliingia kwenye kikao kile nikiwa nimekwisha kuamua. Bi. Netta alisimama mbele yetu na aproni yake, hakuleta shahidi wala hakujitetea. Hector alimwambia usoni, "Wewe mama ulituona tunadhalilishwa, ukatia mikono mfukoni!" Naye akasema, "Ndiyo, nilitia."

Nikamuuliza swali moja tu, ili haki ionekane imetendeka. "Bi. Netta, uliliona kosa, na nilikupa ishara. Kwa nini hukumzima?"

Alinitazama kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo muulizaji mwenyewe alilishuhudia.

"Mwalimu," alisema, "wewe ulikaa kando yake, hukuona? Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea supu nyumbani tangu Wattie alale hospitalini. Kila siku nairudisha kama ilivyo. Tangu kifo hakutia kitu kinywani, siku ile hata chai hakuigusa. Nilipofika mlangoni kijana alikuwa kwenye gari na mlima, na Effie alikuwa ameshika uma. Alikuwa anakula pai. Sasa wewe uliniambia nimzime. Ningemzimaje mtu anayemlisha mjane?"

Nilikuwa nimekaa na Effie kiwiko kwa kiwiko, na nilikuwa nimemtazama kijana tu, nikimhesabia makosa yake. Hector alikohoa, akauliza kama kuna chai. Kura haikupigwa.

Kwa hiyo, Bi. Netta, unapoondoka kwa hiari yako mlangoni ambapo sisi tulitaka kukuondoa kwa nguvu, nakushukuru kwa niaba ya kamati. Nakushukuru kwa niaba ya Effie, aliyekaa pale mbele na amenikataza nisimtaje. Nakushukuru pia kwa niaba ya kaka yangu, ambaye hakuwahi kukanyaga chumba cha chini kwa kuwa aliona kinapoteza umeme bure.

Nanyi nyote mlionipa masikio yenu, pokeeni shukrani zangu. Chakula kipo tayari. Tafadhali muanze kula.