Nilivyoita Vidonda vya Mdomo Mfungo

Bwana apewe sifa, wapendwa! Wazee, shikamooni. Mnanijua, mimi ni fundi mageti pale Kizota na mzee wa kanisa hili. Nimekuja kushukuru, lakini kwanza niungame.

Mnakumbuka nilipogundulika nina saratani ya ulimi. Mkaniombea, nikaanza tiba ya mionzi. Wiki mbili za kwanza nilitamba! Nilisimama hapa hapa nikasema mionzi hainigusi. Wiki ya tatu mdomo ukawaka. Vidonda kwenye ulimi, mashavuni kwa ndani, mpaka kooni. Hata mate nilimeza huku machozi yananitoka. Mlenda, ndugu zangu, mlenda unaoteleza wenyewe, ulinishinda!

Ningewaambiaje, na nilishajitangaza? Nikasema nimefunga. Siku saba, kisha nikaongeza saba. Mchungaji akanitaja kuwa mfano kwa vijana, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mnafiki mkubwa! Hospitalini muuguzi akiuliza, "Baba, unakula?" najibu, "Vizuri tu," midomo nimeibana asione ndani.

Suruali ikawa inanidondoka. Siku moja, baada ya kupima uzito, daktari alisema nikiendelea kupungua hivyo watalazimika kusimamisha mionzi, na saratani haitasubiri. Niliogopa kufa, ndugu zangu. Hata hivyo nikaanza kumweleza habari za mfungo! Mke wangu, aliyekuwa amekaa pembeni, akasimama.

"Daktari, huyu hajafunga. Hawezi kumeza. Baba Neema, fungua mdomo."

Nikaufungua. Muuguzi akamulika na tochi, akaguna. "Pole baba. Umeteseka bure."

Alinieleza kwamba vidonda vile huletwa na mionzi yenyewe, wala si adhabu au upungufu wa imani. Nikapewa dawa ya maumivu, na dawa ya ganzi ya kusukutua kabla ya kula. Nikafundishwa kusukutua mara nyingi kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kutumia mswaki laini, kuacha pilipili na limau. Mke wangu akanipikia uji mwepesi wa uwele, wenye maziwa na karanga za kusaga, akaupoza. Vidonda havikuisha kesho yake, jamani. Viliuma mpaka mionzi ilipokwisha, na wiki kadhaa mbele. Lakini nilimeza! Nikamaliza mionzi yote, haleluya!

Nimelitafakari sana jambo hili. Kila siku nilimlilia Mungu aniponye mdomo, na msaada wake ulikuwa umesimama mbele yangu, unaniuliza kama nakula, nami naudanganya.

Ndugu zangu, nisameheni ule mfungo. Mungu amenisamehe, mke wangu bado kidogo. Kama yupo hapa anayeficha maumivu na kuyaita imani, amtegemee Mungu na aseme kweli kwa wanaomtibu. Jumanne nina kliniki. Tukitoka leo tuonane hapo mlangoni tupange, siku hiyo twende wote.