Idhini Kabla ya Dharura

Jumatatu ya tarehe kumi na tatu Aprili, saa mbili na nusu asubuhi, ndipo mambo yalipobadilika katika kijiwe cha kahawa cha Abbasi kule Msalato. Kabla ya saa hiyo watu walikuwa wakibishana kuhusu mpira na bei ya alizeti, kama Mungu alivyowajalia. Kijiwe chenyewe si cha kujivunia: nguzo ya umeme iliyolazwa juu ya matofali kuwa benchi, jiko la mkaa, birika lenye mdomo mrefu, na kashata za karanga ndani ya ndoo yenye mfuniko. Barabara inapita mbele yake, na lori likipita kila mtu hufunika kikombe chake kwa kiganja, wala haachi kusema. Asubuhi hiyo Marko, dereva wa kampuni ya kuchimba visima, alikuja na bahasha mkononi, akaketi bila kusalimia mtu. Wenzake humwita Stelingi, kwa kuwa katika kila safari anayoisimulia yeye ndiye shujaa. Stelingi kuketi kimya lilikuwa jambo geni, nao wakamgeukia.

— Hata hujambo hakuna? — aliuliza Abbasi akimmiminia. — Umeamkaje wewe?

— Nimeamka na mkataba mpya. Nisaini kabla ya saa sita. Gari la Haneti linaondoka saa sita, na asiyesaini anabaki. Akibaki ndiyo basi, kazi hana.

— Taarifa! — alidakia Yoramu.

Huyu aliuza karanga miaka mingi nje ya geti la Bunge, akatoka huko na ugonjwa wa kukatiza watu. Hapo kijiweni jina lake likawa hilohilo, Taarifa.

— Kazi ya mtu haiwezi kuishia ndani ya bahasha, — alisema. — Lete tusome.

Aliyeipokea karatasi ni Masudi fundi viatu, ambaye huitwa Kifungu tangu aliposhinda kesi ya mbuzi katika mahakama ya mwanzo. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu. Miwani ilikuwa imebaki nyumbani, lakini hilo halikumzuia.

— Kichwa cha habari, — alisoma kwa sauti ya kizimbani. — Ukoma wa gharama.

— Ukoma?

— Ukoma. Tena kwa herufi kubwa.

— Astaghfirullah, — alisema Abbasi, akarudisha birika jikoni.

— Maana yake nyepesi tu, — aliendelea Masudi. — Gharama zimepata ukoma. Usiziguse. Ukizigusa, vidole vinapukutika.

Yoramu alimnyang'anya karatasi.

— Ukomo, Kifungu! Ukomo! Kama ukomo wa bajeti. Yaani unatumia mpaka hapa, ukivuka hapa ni juu yako.

— Sasa mimi nimesema nini? Ukivuka, vidole vinapukutika.

Wakacheka. Marko hakucheka. Alikuwa akitazama kahawa yake ikipoa, akimfikiria Nathanaeli.

Nathanaeli alikuwa mchimbaji wa kampuni hiyohiyo, na mtu wa kijiwe hichohicho. Mwaka jana wakati wa mvua walikuwa pamoja porini upande wa Haneti, lori lao limezama kwenye tope, tumbo likamshika Nathanaeli mpaka likawa gumu kama ubao. Marko alikodi gari aina ya Noah la mfanyabiashara wa alizeti, akatoa alichokuwa nacho mfukoni, na simu yake akaiacha kwa mwenye gari kama dhamana. Walimfikisha hospitali mjini. Siku ya tatu Mungu akamchukua. Mkataba wa wakati huo ulisema mwajiri atarejesha gharama zote zinazofaa, na kampuni ilimrejeshea Marko bila neno.

— Msome hicho kifungu cha saba, — alisema Marko. — Kile cha dharura.

Yoramu akasimama, kwa kuwa maneno ya namna hiyo hawezi kuyasoma ameketi.

— Gharama za dharura zitarejeshwa endapo mwajiriwa atakuwa amepata idhini ya maandishi kabla ya dharura, na atawasilisha risiti ya mashine. Gharama hizo hazitazidi kiasi cha… — Alisita. — Hapa kuna nukta.

— Nukta zipi?

— Nukta tu. Zimepangwa mpaka mwisho wa mstari.

— Basi hicho ndicho kiasi, — alisema Masudi. — Hesabu nukta.

— Ngoja kwanza, — alisema Abbasi. — Rudia hapo kwenye idhini. Kabla ya nini?

— Kabla ya dharura.

Lori likapita, wakafunika vikombe.

— Sasa dharura utaijuaje kabla? — aliuliza Abbasi.

— Taarifa! Hilo ni suala la mipango, — alisema Yoramu. — Watu hawapangi, ndiyo maana wanapata ajali. Mwezi wa kwanza unaketi, unaandika barua moja ya mwaka mzima: mimi Stelingi, naomba idhini ya kuumwa na nge, mguu wa kushoto, Alhamisi ya pili ya Mei.

— Na nge asipotokea Alhamisi?

— Unaahirisha. Unaandika barua ya pili. Akitokea Jumatano, unamfukuza, kwa sababu huyo hana kibali.

— Nge naye asaini, — alisema Abbasi.

— Mnapotea, — alisema Masudi, akainua kidole chenye gundi. — Sheria haihitaji nge. Sheria inahitaji tafsiri. Mkataba unasema kabla ya dharura. Vizuri. Sasa nani anasema dharura imeanza? Mwenye mkataba! Mtu akianguka, unamlaza kivulini, unamwambia, ndugu yangu, pole sana, lakini bado hujaugua rasmi. Tulia. Idhini ikija utaendelea.

— Akifa je?

— Atakuwa amekufa kabla ya kuugua. Kesi kama hiyo hakimu yeyote anaifuta.

— Na risiti ya mashine? — aliuliza Yoramu. — Mwenye Noah wa Haneti ataitoa wapi?

— Anafungiwa mashine shingoni kama kengele ya ng'ombe. Wakiisikia inalia, wanajua usafiri halali umefika.

Yoramu alikuwa amekwisha kuona mbali zaidi.

— Hapana, sikilizeni. Dawa ni kuajiri Afisa Dharura. Anatembea na mtambo wa kuchimba, anaketi pale na mhuri. Jambo likitokea tu, anagonga.

— Huyo naye si atalipwa posho? — aliuliza Masudi.

— Lazima.

— Na posho yake ina ukomo?

— Ndiyo.

— Na yeye akiumwa na nge?

Yoramu akafikiri.

— Anaajiriwa Afisa Dharura msaidizi, — alisema hatimaye. — Na kaimu. Unajua, Stelingi, hii kampuni ikifuata ushauri wangu itaacha kuchimba visima kabisa. Wafanyakazi wote watakuwa wanakaa wakisubiriana waugue.

Marko alicheka, akajikuta kicheko kimegeuka kuwa kitu kingine, akakohoa ili kisionekane.

— Ninyi mnacheka, — alisema. — Pale Haneti tulipokuwa, mtandao unapatikana juu ya jabali tu. Siku ile ningepanda jabali kuomba idhini, Nathanaeli angebaki chini na nani? Mimi nikisaini hiki, nimesema nilikosea. Nisiposaini, kesho sina kazi.

Abbasi alimwongezea kahawa bila kuombwa.

Bodaboda ikasimama kando ya barabara, akashuka msichana mwenye mkoba wa ofisini. Marko alimfahamu. Alikuwa Erica, afisa utumishi wa kampuni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, — walijibu, kila mmoja kwa zamu yake.

— Mzee Marko, mikataba yote imerudi isipokuwa wako. Nimetumwa.

— Karibu kahawa kwanza, — alisema Abbasi.

— Ni wewe uliyeandika kabla ya dharura? — aliuliza Masudi kwa ukali wa mahakama.

Erica aliinamisha uso kidogo.

— Niliyanakili maneno hayo kutoka mkataba wa kampuni nyingine, baba. Mkaguzi alitubana. Kuna msimamizi mmoja alikuwa akinunua godoro jipya kila kijiji tunakochimba, halafu anaandika malazi. Magodoro yamejaa kwake, amefungua duka. Mkurugenzi akasema liwepo neno ukomo, na liwepo haraka.

— Hata mimi ningeweka ukomo, — alisema Yoramu. — Duka la magodoro!

— Na hizi nukta? — aliuliza Marko. — Wenzangu wamesaini nukta?

— Wamesaini, hawakuuliza. Mkurugenzi alisema niwaulize madereva, ninyi ndio mnajua huko porini, halafu nijaze. Nakuuliza wewe, mzee Marko. Kumkimbiza mgonjwa, niandike mwisho shilingi ngapi?

Aliuliza kwa upole tu, kalamu imeshikwa tayari. Masudi aliyetaka nukta zihesabiwe akaanza kukagua soli ya kiatu chake mwenyewe. Yoramu alifungua mdomo, akasema, Taarifa, kisha taarifa yenyewe haikuja. Marko aliona kila namba iliyomjia kichwani inamkatishia Nathanaeli safari njiani: hii ingemwacha porini, na hii ingemshusha kabla hajafika mjini.

— Usiandike namba, — alisema polepole. — Ya magodoro wekeni namba, tena ndogo. Ya chakula wekeni. Hapo kwenye dharura futa hiyo kabla, useme taarifa itolewe mara mtandao unapopatikana. Na kwenye nukta andika: mpaka mgonjwa afike.

Erica alilaza karatasi juu ya mkoba, akafuta kwa mstari mmoja, akaandika kwa mkono. Mwishoni kalamu ilisimama.

— Afike wapi, baba?

— Zahanati, — alisema Masudi, lakini hakumaliza. Zahanati Nathanaeli alifika, muuguzi akamtazama na kuwaambia waende mbele upesi.

— Hospitali, — alisema Yoramu. Hospitali alifika pia. Anyesi mkewe alimkuta huko akiwa bado anaongea, akamwimbia nyimbo za kanisani kwa siku mbili, mkono wake mkononi mwake.

— Kwake, — alinong'ona Abbasi. Na kwake Chamwino alifika, ndani ya sanduku, na wote wanne waliokuwa wakimfahamu hapo kijiweni walikuwa miongoni mwa waliolibeba.

Marko alitafuta mahali pa nne pa kutaja. Alipajua, lakini hapakuwa mahali pa kuandikwa katika mkataba wa kampuni, na dereva hapafikii kwa gari.

— Acha hivyohivyo, mwanangu, — alisema. — Weka nukta moja tu hapo.

— Mkurugenzi akiniuliza?

— Mwambie hatujui. Mimi nasaini pembeni ya hayo maneno tu. Yeye akisaini pembeni yangu, nasaini na mwisho wa mkataba. Asiposaini, Haneti waende na dereva mwingine.

Erica alitazama saa yake, akatazama barabara, kisha akaweka saini yake ndogo pembeni na kumpa Marko kalamu. Marko akaweka yake kando ya hiyo. Msichana aliikunja karatasi taratibu, lakini hakuondoka. Alimwuliza Abbasi kwa sauti ya chini:

— Yule Nathanaeli mchimbaji, aliyefariki mwaka jana, alikuwa mtu wenu?

— Alikuwa mtu wetu.

Basi Yoramu akasimama bila kusema taarifa. Masudi na Abbasi wakafungua viganja kama wafanyavyo Waislamu wakiomba dua. Marko akavua kofia, akafumba macho, akasema kwa lugha aliyofundishwa na mama yake na kwa sauti isiyokuwa na haraka:

— Mungu mwenye rehema, Nathanaeli alitutangulia nasi bado tupo njiani. Mpokee huko alikofika. Msamehe alipokosea, mpumzishe mwili uliochoka, na Anyesi umtie nguvu kila anapoamka peke yake. Nasi tunaobaki, utufikishe. Amina.