Kabati la Satwa na Wimbo wa Theluji

Ndugu zangu, jambo hili afadhali mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa wengine. Mimi niliwahi kumfungia dada wa watu ndani ya kabati la nguo, mchana wa mwezi wa Agosti, hapa hapa Dubai, na AC nimeizima. Nilimfungia kwa ufunguo. Na wakati namfungia nilikuwa nafurahi.

Msinikodolee macho hivyo. Nyinyi wa chama ndio mlionitoa kitandani siku ya Ijumaa, na mnajua mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Kutoka Satwa hadi hapa Discovery Gardens nimebeba chakula kama naenda Mombasa. Sasa mvumilie.

Mimi ni wa Kinangop. Kwetu mvulana akipata gitaa haulizi apige nini, anapiga country ya Wamarekani. Nilipokuwa shule ya upili nilidhani muziki ule ulizaliwa kwetu, kati ya viazi na ng'ombe. Nilikuwa natunga nyimbo za farasi, na mnyama pekee niliyewahi kumpanda ni punda wa kubebea maji, akaniangusha. Kutunga naweza. Kupanga vyombo na kurekodi nilijifunza mwenyewe kwenye kompyuta kuukuu. Kuimba ndiyo sikupewa. Nikiimba nyumbani, mbwa wetu alikuwa anaamka na kuhama ua.

Nilikuja Dubai kufua mashuka kwenye kampuni ya dobi. Siku moja arbab, mwenye kampuni, akatukusanya, akasema khalas, basi, anafunga, na visa zetu zinafutwa. Nilikuwa na wiki chache za kupata kafeel mwingine wa kunidhamini visa, la sivyo nirudi Kinangop nikawaeleze kule kwamba nimeshindwa hata kufua.

Sasa, moja ya hoteli tulizokuwa tunazifulia ilikuwa na usiku wa country kila wiki, wa kuburudisha watu wa kampuni za mafuta. Nilipopeleka mashuka ya mwisho nikamvamia meneja wake kwenye lifti. Akacheka, akasema, "Niletee wimbo wako, uimbwe na mtu anayejua. Jumamosi naenda likizo. Ukinipendeza nitakuweka kwenye vyombo vya muziki, na visa yako ihamie hapa." Ilikuwa Alhamisi.

Mwimbaji nilikuwa naye. Dada mmoja wa Kitale, alikuwa kijakazi kwa madam mmoja Rashidiya. Kwenye ibada akianza pambio, hata wale wa kusinzia walikuwa wanasimama. Simtaji jina. Lakini yuko hapa, ni huyo anayejipepea na kuniangalia vibaya. Madam alimpa ruhusa Ijumaa baada ya chakula cha mchana, arudi kabla ya Maghrib.

Chumba chetu kilikuwa cha vitanda vya ghorofa, na wenzangu wote walikuwa kazini. AC ya dirishani ilikuwa inanguruma kama posho mill ya kusaga mahindi. Ukirekodi nayo, mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya lori. Nikaizima. Nikatoa nguo zote kabatini, nikatundika mablanketi ndani ili sauti isirudi, nikaweka maikrofoni, nikamwambia dada aingie. Mlango haukuwa unakaa bila kufungwa, kwa hiyo nikazungusha ufunguo. Nikavaa vipokea sauti masikioni, nikajiona produsa mkubwa.

Wimbo ulikuwa wa theluji na farasi aliyepotea. Dada akaimba. Nikamwambia, "Rudia, dadangu, weka huzuni zaidi." Akarudia. "Huzuni zaidi!" Akasema kupitia maikrofoni, "Kaka, huku kuna moto." Nikamjibu, "Vumilia, yalla, twende, hiyo ndiyo nzuri."

Akaimba tena. Alipofika karibu na kiitikio akanyamaza. Ndugu zangu, nawaambia ukweli mbele za Mungu: nilifumba macho, nikatikisa kichwa, nikasema moyoni, huyu ana kipaji, hapa ameweka kituo ili atuchome mioyo. Nikakisifu kile kimya. Nikakisubiri kiishe.

Kisha nikasikia kishindo.

Nikaurukia ufunguo. Mikono ilikuwa na jasho, nikauzungusha kwa pupa, ukakatikia kwenye kitasa. Nikamwita mara ya pili na ya tatu. Hapo ndipo nilipouona mji huu wote umesimama mbele yangu: mwanamke si mke wangu, chumbani mwangu, ndani ya kabati langu, huenda amekufa. Visa nikaisahau. Nikaanza kupiga kelele na kuubamiza mlango kwa ngumi.

Akaingia mama jirani, Mzanzibari, mwenye miaka mingi hapa mjini kuliko hayo majengo marefu. Hakutoa hata salamu.

"Nani yumo humo?"

"Dada, mama. Alikuwa anaimba."

"Alaa! Wacha kulipiga usoni! Lisogeze, mgongo wake ubao mwembamba huo. Piga teke!"

Tukalivuta kutoka ukutani. Nikapiga teke, ubao ukapasuka, tukamtoa dada amelegea, amelowa chapachapa. Alikuwa anapumua. Mama akavua kanga ya begani, akailowesha, akamfunika. Tukambeba hadi kwake, akamlaza karibu na AC, akamnywesha maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Mimi nilikaa mlangoni nalia kama mtoto. Mama akaniambia ninyamaze, namzibia mgonjwa hewa.

Baadaye dada akafungua macho. Neno lake la kwanza halikuwa la kunisamehe. Alisema, "Kaka, mimi theluji sijawahi kuiona. Unaniua kwa uongo wako."

Nikamuuliza angeimba nini. Akasema, "Ningemwimba mamangu. Kila nikimpigia ananiuliza umekula, na kabla sijajibu kadi ya simu inaisha." Mama jirani akageuza uso, akawa anapanga mito ambayo tayari ilikuwa imepangwa.

Nikatupa farasi, nikatupa theluji. Muziki ukabaki ule ule, maneno tukayaandika pale sebuleni, mimi na yeye. Nikataka kumwomba apumzike hadi siku nyingine, akakataa, akasema siku nyingine mimi sina. Nikaleta maikrofoni, akaimba mara moja, amekaa kwenye kiti, glasi ya maji mkononi, mazulia yamemeza mwangwi, AC inanguruma. Kuizima nani angethubutu? Mama akampeleka Rashidiya kwa teksi, Maghrib ikaadhiniwa walipokuwa mlangoni kwa madam.

Usiku huo huo nikampelekea meneja wimbo, akausikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Huo mngurumo ni nini?" Nikasema, "AC, sir." Akaurudisha wimbo mwanzo. Visa ikahamia hotelini. Tangu hapo natunga na kurekodi, na albamu za kwaya zenu mnazijua.

Dada, asante, na nisamehe tena leo mbele ya hawa. Nilichojifunza ni kidogo: usitafute huzuni kwa mtu kwa kumtesa, anayo tayari, muulize tu.

Mama jirani nilimwalika aje nimshukuru hapa. Akanijibu: "Nije kusikiza nini? Miaka yote nakusikia ukutani. Kawambie ulitaka kuua mtoto wa watu, kisha uwape maji, maana najua utasema sana."